Wateja Wapo

Muulize dalali yeyote wa nyumba, awe wa Ngara mjini, wa Kabanga mpakani au wa stendi ya Biharamulo, soko likoje. Jibu lake unalijua kabla hajafungua mdomo: "Wateja wapo." Soko likipanda, wateja wapo. Soko likilala, kufuli za fremu zinaota kutu, mapagale yameotwa na nyasi hadi usawa wa dirisha, wateja bado wapo.

Wakati wa neema kauli hiyo haimuumizi mtu. Nyumba hupata mpangaji ndani ya wiki, na uongo hugeuka kweli kabla haujashikwa. Inauma wakati wa ukata. Mama wa watu anaambiwa wateja wapo, anamkatalia mpangaji aliyesimama mlangoni pake na laki moja na nusu mkononi, anasubiri wateja wa mdomoni. Unapita mwezi wa kwanza, wa pili, wa nne. Popo wanahamia darini. Upande wa pili mnunuzi anaambiwa, "Kuna mtu kaja jana, kesho asubuhi analeta hela," naye anakimbilia kukopa kwa riba asiyoiweza, kumbe huyo mtu wa jana hajawahi kuzaliwa.

Sisemi haya kwa kuwadharau madalali. Nesi anayehamishiwa Murgwanza, mwalimu anayepangiwa Nyakahura, ofisa wa forodha anayeletwa Rusumo, wote humtafuta dalali kabla hawajamjua hata jirani. Radio Kwizera imekuwa ikitupa habari tangu 1995, lakini haitakwambia ni nyumba gani ina maji, ipi luku yake inagombewa na wapangaji watano, na ipi mwenye nyumba wake hugonga mlango alfajiri kudai kodi. Habari hizo anazo dalali. Kwa sababu hiyo uongo wake ni mzito kuliko wa mtu mwingine: ukitaka kuuhakiki huna pa kwenda, isipokuwa kwa dalali mwenzake, ambaye atakwambia wateja wapo.

Ninachotaka kumshauri mtu wa kazi hii ni kigumu, na najua kitanunisha wengi. Soko likianguka, uwe tayari kusema neno litakalokukosesha ujira wako.

Wilaya hizi zimeonja kupanda na kushuka kuliko wilaya nyingi za nchi hii. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyobaki na jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, ikawa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania. Nyuma ya wakimbizi wakaja mashirika, nyuma ya mashirika magari meupe, madereva, wahasibu, wafanyabiashara kutoka Mwanza na Kahama, na kila mmoja alihitaji pa kulala na pa kuwekea ofisi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwa mwenye nyumba wa Ngara mjini methali hiyo ilitimia neno kwa neno. Kwa mtumishi wa serikali aliyekuwa akipanga nyumba hiyohiyo haikutimia hata kidogo, maana kodi ilipimwa kwa mfuko wa shirika, na mshahara wake ulikuwa wa halmashauri. Tukumbuke pia kwamba neema hiyo ilikuja mgongoni mwa mauaji ya kimbari. Walioifaidi hawakuyasababisha, lakini ni vigumu kuizungumza kana kwamba ilikuwa bahati ya mavuno.

Kisha tarehe 6 Desemba 1996 serikali, pamoja na UNHCR, ikatangaza kwamba wakimbizi wa Rwanda wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 mwezi huo. Karibu watu nusu milioni waliondoka katika wiki chache. Mashirika mengi yakafunga virago nyuma yao. Wakimbizi Warundi wa kambi ya Lukole walibaki kwa miaka kadhaa zaidi, na kufikia 2008 nao kambi yao ilikuwa imefungwa. Ukitaka kuona kilichotokea bila kusimuliwa na mtu, tazama sensa: mwaka 2002 Ngara ilihesabiwa watu zaidi ya 330,000, mwaka 2012 ikahesabiwa karibu 320,000. Nchi nzima iliongezeka, wilaya moja ikapungua. Nani angejaza vyumba?

Aliyeumia zaidi katika mkasa wa namna hiyo hakuwa mwenye nyumba ya zamani. Yule alikuwa amekwisha kula kodi yake ya miaka miwili na nyumba anayo. Aliyeumia ni aliyeona mwenzake ananeemeka, akauza ng'ombe, akachoma matofali, akafikisha linta mwaka ambao tangazo lilitoka. Ukimsimamisha mtu huyo leo ukamuuliza kama kuna aliyempa tahadhari, sitashangaa akisema kila mtu alimwambia jenga, wapangaji wapo. Na hawakumdanganya, wapangaji walikuwepo kweli. Jambo ambalo hakuambiwa ni nani anayewalipia kodi, na fedha hiyo itakoma lini.

Basi dalali anayetaka kuwa mtu mwema ajifunze kuuliza swali hilo kwanza yeye mwenyewe: kodi ya nyumba hii inatoka kwa nani? Ikitoka kwa mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara wa duka, mwenye karakana ya kuziba pancha za malori pale Benaco, hiyo ni kodi ya mwenyeji. Itapanda polepole na kushuka polepole. Ikitoka kwa mradi, tamka neno mradi kwa sauti mbele ya mwenye nyumba, na mwulize kama anajua mradi huo unaisha mwezi gani. Mitambo ya umeme ya maporomoko ya Rusumo, ya megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi, ilichukua miaka kadhaa kujengwa. Ujenzi ulihitaji mafundi wengi, kuiendesha mitambo hakuhitaji hata sehemu ndogo ya hao. Dalali hahitaji elimu ya uchumi kulijua hilo, anahitaji kukumbuka tu.

Nikifika hapa huwa najibiwa kwa methali nyingine: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mambo ya ndoa za watu na uchawi wa jirani. Kwa ardhi ni sumu. Chukueni Kabanga. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walichoronga kutafuta nikeli pale tangu miaka ya 1970. Kampuni kubwa za dunia zikaja, zikapima, zikaondoka. Mwaka 2018 leseni iliyokuwa ikiushikilia mradi ilifutwa. Januari 2021 serikali ikasaini mkataba mpya, ikazaliwa Tembo Nickel, serikali ikiwa na asilimia 16. Oktoba mwaka huo leseni maalumu ya uchimbaji ikatolewa. BHP ya Australia iliingia 2022, na 2025 ikauza hisa zake ikaondoka. Lisemwalo lilikuwepo tangu baba zetu wakiwa vijana, na wapo waliozaliwa, wakaoa, wakazeeka wakilisubiri lije. Sisemi halitakuja. Nasema kijana aliyeuziwa eneo mwaka wowote katika hiyo miaka hamsini kwa maneno "mgodi unaanza mwakani" aliuziwa tarehe, na muuzaji hakuwa na tarehe ya kuuza.

Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo dalali mwenye haya hawezi kulificha. Kinu cha kusafishia madini hayo kilipangwa kujengwa Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Hakikupangwa Ngara. Yeyote anayepiga hesabu ya wahandisi watakaopanga nyumba Rulenge au Bugarama lazima aambiwe kwamba sehemu ya wahandisi hao wamepangiwa mkoa mwingine. Habari hii haijafichwa popote. Lakini nani ana kawaida ya kuitaja akiwa amesimama na mteja kwenye kiwanja?

Biharamulo nao wana somo lao, fupi na safi zaidi. Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza kuzalisha 2005. Mwaka 2013 kampuni ya Barrick iliyokuwa ikiuendesha ikausimamisha, shirika la serikali STAMICO likauchukua na kuuendesha kama STAMIGOLD. Mgodi haukufa, ulibadilisha mikono na ukapungua kimo. Miaka minane tu ya mwenye mali wa kwanza. Nyumba ya matofali ya kuchoma yenye msingi mzuri inadumu zaidi ya hamsini. Mtu anayejenga ya miaka hamsini kwa ajili ya mpangaji wa miaka minane anastahili kuambiwa hesabu hiyo kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji. Na kama anatoka Chato, iliyokuwa sehemu ya Biharamulo kabla ya kumegwa, atakuwa ameshasikia habari za Chato kufanywa mkoa zilivyovuma kisha zikapoa.

Kuna uovu mwingine unaozaliwa na migodi, nao watu wa Nyamongo kule Tarime wana jina lake: tegesha. Mtu anasikia eneo litafanyiwa tathmini, anasimamisha haraka vibanda vya bati na kupandikiza miti, si kwa kukaa wala kuvuna, bali kutegea fidia. Dalali anayeuza kiwanja kwa maneno "weka hata kibanda, utalipwa" anamshirikisha mnunuzi maskini katika kamari ambayo nyumba zilizojengwa baada ya tarehe ya kufunga tathmini hupoteza. Mnunuzi akipoteza, dalali ameshapokea chake na yuko Nyakanazi anakunywa chai.

Sasa nirudi kwenye nyumba, tena nyumba moja tu, maana maadili ya kazi hii yanaonekana zaidi sebuleni kuliko sokoni.

Tuseme kuna mama mjane, ana nyumba ya vyumba vinne karibu na barabara ya Murgwanza. Soko limelala. Kijana dalali anapiga hodi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea mteja?"

Hapo kijana ana njia mbili. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka. "Wateja wapo mama, ila soko limeshuka mno. Nipe bei yako ya mwisho." Mama anawaza, anataja milioni kumi na mbili. Kijana mfukoni ana namba ya mfanyabiashara wa Kahama aliyekwisha kukubali kumi na tano. Anampigia simu nje, karibu na migomba, anaongea kwa sauti ya chini. Milioni tatu zinaitwa cha juu. Kila mtu katika kazi hii anakijua cha juu. Wengine wanakitetea kwamba mama kapata alichotaka, mnunuzi kapata nyumba kwa aliyoitaka, nani kaibiwa? Mama ndiye kaibiwa. Alitaja kumi na mbili kwa sababu aliambiwa soko limeshuka mno, na aliyemwambia alikuwa anajua kuna kumi na tano. Soko likiwa juu, cha juu hutoka kwenye pupa ya mnunuzi. Soko likiwa chini hutoka kwenye woga wa muuzaji, na hapo ndipo ninapoona tofauti ambayo watetezi wake hawataki kuiona.

Njia ya pili inaanza kwa swali lisilo na faida kwa anayeliuliza. "Mama, kabla ya bei, kuna nini?"

Mama anaeleza. Mjukuu kapata nafasi ya chuo, zinatakiwa laki nane kabla ya Oktoba. Mwana yupo Mwanza, amesimamishwa kazi. Ndiyo hiyo tu.

Laki nane! Nyumba ya milioni kumi na mbili inataka kuuzwa katika mwaka mbaya kuliko yote ili zipatikane laki nane. Dalali mwema anajua vyumba viwili vya mbele vina mlango wake, vinaweza kutengwa kwa tofali na bati mbili, na kwamba kuna mwalimu anayetafuta chumba na sebule aliye tayari kulipa miezi sita kwa mkupuo. Ukiongeza mkungu kwa mkungu na kahawa ya msimu, na mwana wa Mwanza akichangia hata kidogo, mtoto anakwenda chuo na nyumba inabaki. Dalali naye anapata kodi ya mwezi mmoja, ambayo haifikii hata sehemu ya kumi ya kile cha juu. Neno lililomkosesha ujira lilikuwa "kuna nini."

Wala nisidhaniwe nasema kila anayetaka kuuza azuiwe. Kweli ya soko wakati mwingine inaelekea upande mwingine na inauma vilevile. Yupo mzee mwenye nyumba tatu, anataka laki tatu kwa kila moja kwa sababu mwaka fulani shirika fulani lilimlipa laki tatu, na tangu hapo hakubali kushuka hata kwa shilingi. Nyumba mbili ni tupu. Dalali anamheshimu, anaogopa kumkosa, anamwambia "vuta subira mzee, wateja wapo." Huo si upole. Mzee huyo achukuliwe kwa miguu, jioni, apitishwe kwenye nyumba nne za mtaa uleule zinazofanana na zake, aulize mwenyewe wapangaji wanalipa ngapi. Usimbishie, mwache asikie. Akifika ya tatu atakuwa amenyamaza. Akifika ya nne ataanza kulaumu serikali, na hiyo ni dalili njema, maana mtu hulaumu serikali akishakubali hali.

Katika ukata karatasi nazo hulegea. Muuzaji ana haraka, mnunuzi anaogopa kupitwa, dalali hajala tangu asubuhi, na mwenyekiti yuko msibani, basi "tuandikishane tu, muhuri tutapata Jumatatu." Wasomaji wa Biblia, nao ni wengi huku kwetu, wanaijua habari ya Yeremia katika sura ya 32 ya kitabu chake. Mji umezingirwa na majeshi ya Babeli, nabii mwenyewe yuko kifungoni, na binamu yake Hanameli anakuja kumuuzia shamba la Anathothi. Soko gani la ardhi litakuwa baya kuliko hilo? Shamba lenyewe liko mikononi mwa adui. Angeweza kumwambia ndugu yake niachie bure. Alipima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi, akaandika hati, akaitia muhuri, akafanya nakala iliyofungwa na nakala iliyo wazi, akaagiza zitiwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Wahubiri hupenda kueleza habari hiyo kwa upande wa matumaini. Mimi huwa naisoma kwa upande wa taratibu: siku ambayo hakuna ambaye angemuuliza, hakuruka hatua hata moja.

Hatua zetu zinajulikana. Ardhi ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, haihami kwenda kwa mtu wa nje ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake, aliyetiwa mkononi kitu kidogo barabarani, siyo halmashauri. Nyumba ya wanandoa haiuzwi na mmoja wao kwa siri. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inataka ridhaa ya mwenzi. Kwa hiyo ukimwona mwanamume anauza kwa haraka na hataki mje nyumbani bali mkutane gesti, ujue mke hajui. Ukiendelea, wewe ni mwizi wa pili. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na yule mama mjane wa Murgwanza naye, kama angefikia kuuza, angeanzia huko. Dalali anayejua haya akanyamaza kwa kuogopa biashara kuchelewa, amewauzia kesi watu wote wawili, na kesi ya ardhi huku kwetu hurithiwa.

Lipo la mpakani ambalo wa Dodoma hawalijui sana. Tuna undugu, biashara na ndoa na watu wa ng'ambo ya Ruvubu na Kagera, na silioni hilo kuwa kosa. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana kama ndugu wa tumbo moja. Lakini Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji uliopitia taratibu zake. Soko likilala, mwenye fedha anaweza kuwa ni huyo wa ng'ambo, na dalali anabuni mbinu ya kumwandikia mwenyeji jina. Fikiri nani atalia. Mwenyeji aliyeandikwa akifa, watoto wake wataonyesha karatasi na kudai mali yao. Yule aliyelipa fedha zake zote hana pa kusimama mbele ya baraza lolote. Umemfanyia mgeni jambo ambalo hungemfanyia mtu unayemwogopa. Mwambie apange, kwa mkataba wa maandishi, kama wengine wanavyopanga.

Kuhusu wanunuzi nina machache. Waislamu wanalo katazo la zamani, najashi: mtu kupandisha bei bila nia ya kununua, ili kumtega mwingine. Kwetu linafanywa kinyumenyume. Matajiri wawili watatu wanakubaliana gesti, wa kwanza anakwenda kutaja milioni sita, wa pili anakwenda siku ya pili kutaja tano na nusu, wa tatu tano, mpaka mwenye nyumba aliyetaka kumi anamkimbilia wa kwanza kumwomba zile sita. Dalali huwa ndiye aliyewapeleka wote watatu. Sina neno la upole kwa hilo. Kununua kwa bei ya chini soko likiwa chini ni haki ya mtu. Kuitengeneza bei ya chini kwa maigizo si haki ya mtu yeyote.

Wenye nyumba nao wasijione wamesalimika. Ukata unapomfika mpangaji, kuna anayeng'oa bati la juu ya chumba chake ili ahame, kuna anayekata luku, kuna anayetoa vitanda nje wakati wa mvua za masika mbele ya watoto. Madalali hutumwa kama mashahidi wa vituko hivyo, au kama watekelezaji. Kataa. Kumpa mpangaji wa miaka minne notisi na kumsikiliza anapoahidi mwisho wa mwezi hakumfilisi mtu, na chumba kilichong'olewa bati hakipati mpangaji mwingine soko likiwa limelala, labda kuku.

Sasa utaniuliza dalali huyu mwema ale nini. Ni swali la haki. Anayelipwa kwa kuuza tu, siku zote ulimi wake utaelekea kwenye kuuza; mawakala wa mikopo ya nyumba Marekani kabla ya 2008 walilipwa kwa kila mkopo waliouandika, nao wakaiandika hadi ya watu wasio na kipato, kisha dunia nzima ikalipia. Kwa hiyo dalali ajitengenezee ujira usiotegemea mauzo. Kumkagulia mtu kiwanja, kwenda naye halmashauri, kuuliza serikali ya kijiji na majirani wa mipaka minne kama kuna mgogoro, kumtafutia fundi wa kutenga vyumba: hizi zote ni kazi, zina jasho, zitajiwe bei yake mwanzoni, kabla ya hatua ya kwanza. Hela ya kuonyesha nyumba nayo iwe ya kuonyesha nyumba iliyopo, siyo kumzungusha mtu kwenye nyumba tatu unazojua zimeshachukuliwa ili umalize nauli yake ya bodaboda.

Na awe na daftari. Nalisisitiza daftari kuliko mahubiri yote niliyoyatoa hapo juu. Tarehe, mtaa, vyumba vingapi, maji, umeme, bei iliyotajwa, bei iliyolipwa. Safu hizo mbili za mwisho zisichanganywe, maana baina yake ndimo soko lilimo. Nyumba ambayo haijapata mtu iandikwe haijapata mtu, na mwezi ujao iandikwe tena. Miaka miwili ya daftari kama hilo ni mali. Ndugu wanaogawana mirathi watalitafuta, anayetaka kuombea mkopo nyumba yake atalitafuta, hata mthamini aliyetoka Bukoba atauliza nani hapa anajua bei za kweli. Mtoze kila mmoja ada ndogo ya kulifungua, umtajie ada hiyo kabla hajaketi, na safu ya majina ya wapangaji uifunike kwa karatasi unapomwonyesha.